Kuongoza Beni ya Zumari za Mfuko

(Maneno yaliyonenwa na katekista mbele ya walimu na Wakristo katika sikukuu ya Jubilei)



Tumeagizwa na Halmashauri ya Jubilei tuseme habari za beni yetu, jinsi ilivyoanza na jinsi inavyoongozwa. Maana wengi huiona siku za sikukuu ikipita barabarani, wakastaajabu, wakacheka, wakaenda zao. Kucheka si kosa. Sisi nasi, siku tulipoisikia zumari ya mfuko mara ya kwanza, tulidhani mbuzi amekanyagwa. Lakini walimu kadha wa kadha wametuuliza shauri, kwa kuwa wataka kuanzisha beni katika parokia zao, ya tarumbeta, au ya ngoma, au ya namna hii yetu. Basi tutawaambia yale tuliyoyaona, na zaidi yale tuliyoyakosea, kwa maana hayo ndiyo yaliyotufundisha.

Kwanza yafaa mkijue chombo chenyewe. Ni mfuko wa ngozi ukaao chini ya kwapa la kushoto. Mpigaji huupuliza kwa bomba fupi lenye kizuizi ndani yake, pumzi isirudi. Kisha hutoka penye mfuko mabomba mengine manne. Moja huning'inia mbele, lina matundu ya vidole, nalo ndilo liimbalo wimbo. Tuliite bomba la kuimbia. Matatu hulala begani. Hayo hayana matundu ya vidole, na kila moja hutoa sauti moja tu, tangu mwanzo hata mwisho, pasipo kubadilika. Tuyaite mabomba ya mvumo. Mawili yana sauti moja, na la tatu, lililo refu kuliko yote, huvuma chini yao. Ndani ya kila bomba mna ulimi wa tete, unaotikisika upepo upitapo. Mpigaji atakapo kuvuta pumzi huukaza mfuko kwa mkono, upepo ukaendelea kutoka. Ndiyo sababu sauti yake haikatiki hata kidogo.

Na mabomba hayo, ndugu, ni mti wetu. Waskoti zamani walichonga zumari zao kwa miti ya kwao na kwa miti migumu ya ng'ambo, hata mwishoni mwa karne ya 19 walipouzoea mpingo wa Afrika ya Mashariki, wakaona kwamba umeipita yote. Mpingo ni mzito hata huzama majini. Unyevu wa pumzi hauuharibu upesi. Na tundu likitobolewa ndani yake hubaki laini kama kioo. Ni mti ule ule wa wachongaji wa Kimakonde. Lakini hukua polepole mno. Huhesabiwa miaka 70 hata 100 kabla haujafaa kukatwa, tena mara nyingi hupinda au kuwa na uwazi ndani, na sehemu kubwa hupotea katika kupasuliwa. Sisi watu wa kusini tuliuchoma kwa kuni bila kufikiri. Katika wilaya ya Kilwa vijiji vya Kikole na Kisangi vilipata mwaka wa 2009 hati ya kimataifa ya misitu itunzwayo vema, nayo ilikuwa mara ya kwanza katika Afrika kwa msitu wa asili ulio mikononi mwa wanakijiji wenyewe. Twataja jambo hili kwa sababu vijana wetu walipoambiwa kwamba bomba walilolishika limetoka katika mwitu kama huu wa nyuma ya shule, likavuka bahari, likarudi, walilishika kwa namna nyingine.

Wala zumari ya mfuko si mali ya Waskoti peke yao. Katika Oman na nchi za Ghuba watu hupiga zumari za mfuko wa ngozi ya mbuzi, na neno lenyewe zumari tumelipata kwa Waarabu. Na mwanzoni mwa karne ya 20 kule Mombasa palikuwa na vyama vya beni vilivyoshindana, kimoja kikiitwa Kingi na kimoja Skochi, kwa jina la Waskoti. Kwa hiyo anayesema kwamba beni ni jambo geni pwani hajaketi na wazee.

Huko Uskoti zumari ilipigwa zamani na mtu mmoja mmoja, mbele ya wakuu wa koo na vitani. Kupiga wengi pamoja na ngoma kulipata taratibu yake katika vikosi vya askari, kisha polisi na wachimba makaa na watu wa vijiji wakaiga. Beni ya Shotts and Dykehead, mathalan, ilianza mwaka wa 1910 katika nchi ya wachimba makaa ya mawe. Chama cha beni hizo kilianzishwa mwaka wa 1930, na tangu mwaka wa 1947 pana mashindano ya ulimwengu, ambayo siku hizi hufanyika Glasgow mwezi wa Agosti. Mwaka wa 1987 walioshinda ni watu wa Kanada, na mwaka wa 1998 ni polisi wa Australia. Lakini nyingi katika beni hizo si za washindi. Ni za watu wafanyao kazi zao mchana, na jioni hukutana katika ukumbi wa kanisa au wa shule, wakafundisha watoto wa jirani pasipo mshahara.

Jambo moja lilitushangaza tulipoonyeshwa picha zao. Katika mashindano husimama duara, nyuso ndani, wakawapa watu mgongo. Tulidhani ni utovu wa adabu. Kumbe ni kwa sababu lazima kila mtu auone mkono wa mkuu wao, amwitaye Meja wa Zumari, na amsikie mwenzake wa upande wa pili. Nasi twafanya vivyo hivyo wakati wa kujifunza, hata leo.

Sisi tulipata zumari tano kuukuu kwa padre mgeni wa kutoka Uskoti, aliyekaa nasi muda wa miaka michache kisha akarudi kwao. Nne nyingine zilikuja baadaye, moja moja. Padre huyo hakutupa zumari kwanza. Alitupa filimbi ndogo ya kujifunzia, isiyo na mfuko, akatuambia, “Mwaka mzima.” Wengine walidhani ni mzaha. Waliodhani ni mzaha ndio walioondoka mwezi wa tatu.

Wala hakuanza kwa maandiko. Zamani Waskoti walifundishana kwa mdomo, mwalimu akiimba silabi, kila silabi ikiwa na sauti yake na pambo lake, mwanafunzi akirudisha. Silabi hizo zilikuja kupigwa chapa mwaka wa 1828, lakini mdomo ulizitangulia sana. Nani asiyeona kwamba hivi ndivyo wapiga ngoma wetu wafundishavyo tangu hapo? Mzee wetu wa ngoma, asiyejua kusoma, aliyashika mambo haya upesi kuliko sisi tuliotoka shule na do-re-mi yetu mfukoni.

Basi tufike penye kazi yenyewe ya kuongoza.

Zumari hii ina sauti tisa tu. Haina ya kumi. Tena haiwezi kupigwa kwa nguvu wala kwa upole. Ni sauti moja, kubwa, siku zote. Katika kwaya mwenye sauti isiyokaa sawa huweza kuambiwa polepole, “Ndugu, punguza kidogo,” akafichwa na wenziwe, wala hapana ajuaye. Katika zumari za mfuko hapana mahali pa kumficha. Pumzi yake ikilegea, sauti yake yashuka; ikizidi, yapanda; na mabomba yake matatu ya mvumo yayumba pamoja naye. Watu wanane wakipiga sawa na mmoja akiyumba, asikiaye hatasikia wanane. Atasikia mmoja. Kwa hiyo kila aongozaye beni ya namna hii huja kusimama mahali pamoja, apende asipende: amwondoe aliye dhaifu, au akae naye. Na beni ikiwa ni ya parokia, huyo dhaifu ni mtoto wa mtu unayekutana naye kila Jumapili mlangoni pa kanisa.

Sisi tulisimama mahali hapo, tukachagua vibaya.

Alikuwako kijana mmoja, mwana wa mjane, wa mwisho kwa umri katika wale tisa. Vidole vyake vilikuwa vyepesi. Nyimbo alizijua zote. Lakini akipiga zumari yenyewe, beti ya kwanza ilikuwa njema, ya pili ikaanza kuyumba, na katika ya tatu uso wake ulikuwa umejaa jasho na sauti yake imeanguka. Tulimwonya mara nyingi. Tulimwambia, “Huna bidii.” Ikaja siku ya Kipaimara, Askofu anakuja, na watu wa parokia tatu wamealikwa. Jioni ya kuamkia siku ile tulimwambia mbele ya wenziwe wote aweke zumari chini, kesho atachukua bendera. Aliiweka chini. Kesho yake alichukua bendera, akaenenda mbele yetu, mgongo wima, nasi tukapiga vizuri kuliko siku zote. Watu walitusifu. Twakiri kwamba tulifurahi.

Siku ya tatu tuliikuta zumari yake mlangoni petu, imefungwa katika kitenge safi, na juu yake shilingi za kulipia ulimi wa tete ambao aliuvunja miezi mingi nyuma. Hapana mtu aliyekuwa amemdai.

Baada ya majuma sita mama yake alikuja. Hakuketi. Alisema, “Mwalimu, mlipokuja nyumbani kumtaka mtoto, mlisema ni beni ya parokia. Hamkusema ni beni ya wajuao.” Akatuaga kwa heshima, akaenda zake.

Usiku ule tuliifungua kitenge, tukatia zumari ile kinywani sisi wenyewe. Hatukuwa tumefanya hivyo hata mara moja tangu tulipompa. Tukapiga wimbo mmoja. Hatukuufikisha mwisho. Ulimi wa bomba la kuimbia ulikuwa mgumu mno, wa kumfaa mtu mzima mwenye kifua kipana, tena hata huyo kwa shida. Kisanduku cha ndimi kilipofika kutoka ng'ambo, watu wazima walichagua kwanza, wakajitwalia zilizo laini, na ile iliyobaki ikapewa aliye mdogo. Sisi tulikuwapo, tukaona, tukadhani ni desturi ya heshima tu. Kijana yule kwa muda wa mwaka alikuwa akipuliza kitu ambacho mwalimu wake hawezi kukipuliza, na mwalimu akamwita mvivu.

Tulikwenda nyumbani kwao. Kisha tukayasema hayo mbele ya beni nzima, katika duara, kwa kuwa ni katika duara tulipomwaibisha. Tukaamuru ndimi zote zirudishwe kisandukuni, zigawiwe upya kwa kifua cha kila mtu. Mmoja wa watu wazima hakukubali kutoa ulimi wake laini. Alisema amedharauliwa kwa ajili ya mtoto. Aliondoka, wala hajarudi, na alikuwa mpigaji hodari. Hasara hiyo twaihesabu mpaka leo. Kijana naye hakurudi siku ile. Alirudi baada ya Pasaka, kwa wakati wake mwenyewe. Si mpigaji wetu bora, tusiseme uongo, lakini sauti yake haiyumbi.

Tangu hapo tumejiwekea kanuni: hatumsemi mtu juu ya pumzi yake pasipo kupiga kwanza zumari yake kwa kinywa chetu. Kwa wanaoanza huziba mabomba ya mvumo kwa vizibo, mawili au yote matatu, upepo usitoke mwingi, tukawafungulia moja moja kadiri kifua kinavyopata nguvu. Tena tuna kipimo kimoja cha bei ndogo. Twaa mpira mwembamba wa plastiki uonekanao ndani, urefu wake kupita kimo cha mtu, uukunje mfano wa herufi U, uufunge juu ya ubao ulio wima, utie maji. Upande mmoja uunge na mfuko mahali pa bomba moja la mvumo. Mtu apulizapo, maji hupanda upande wa pili; piga mstari mahali yanapofika wimbo unapotoka vema, kisha mwambie mwanafunzi ayaweke maji hapo, yasipande wala kushuka, muda wa wimbo mzima. Mwalimu hana haja ya kukaripia; maji huonyesha. Na watoto hushindana kwa kucheka.

Kupatanisha sauti za beni ni kazi ya kila siku. Jua likiwa kali sauti hupanda, kivulini hushuka. Kwa hiyo zumari iliyopatanishwa ndani ya kanisa haitapatana nje. Kwanza mabomba ya kuimbia yapatane yote, tundu kwa tundu. Likiwa na sauti ya juu mno, tundu lake hupunguzwa kwa utepe mwembamba. Ndipo mkuu aende kwa kila mtu, asogeze mabomba ya mvumo: ukilirefusha sauti yashuka, ukilifupisha yapanda, mpaka zile zinazogombana ziache kupigana mawimbi, zikawa kitu kimoja. Kwa watu tisa ni mabomba ishirini na saba. Usiende haraka, wala usikubali wapiga ngoma wapige wakati huo.

Tukitaja wapiga ngoma, wajua ninyi wenyewe. Beni hii ina wakuu wawili, wa zumari na wa ngoma, na mwendo wa miguu uko kwa ngoma kuu. Wakigombana wakuu hao, beni huenda kama mtu mwenye miguu isiyo sawa. Sisi na mzee wetu wa ngoma tumegombana mara mbili, nayo yatosha.

Juu ya nyimbo, mjue kwamba nyimbo nyingi za kitabu chetu hazipigiki katika zumari hii, kwa sababu sauti ni tisa, na ile ti yake iko chini kuliko ti ya kinanda. Wimbo wenye kupanda sana au wenye sauti za kugeuza huuacha. Zifaazo kupita zote ni lahani za sauti tano. Wimbo uitwao Amazing Grace ni wa namna hiyo, nao ulipopigwa kwa zumari na askari wa Uskoti mwaka wa 1972 ulipata sifa kuu katika Uingereza. Lakini nyimbo nyingi za bibi zetu, za kutwanga na za kubembeleza watoto, nazo ni za sauti tano. Tulipojaribu moja ya hizo juu ya mabomba ya mvumo, akina mama waliokuwa wakichota maji walitua ndoo zao. Baba Paroko ametupa ruhusa ya kupiga nje ya kanisa na katika maandamano. Ndani hatupigi, isipokuwa maziko, tena mtu mmoja tu. Sauti hii ndani ya kuta ni nzito mno kwa wazee.

Mfuko wa ngozi hutaka mafuta yake maalumu kwa ndani, usivuje. Viungo vya mabomba hutaka uzi wenye nta. Na baada ya kupiga, kila bomba lifutwe ndani likauke, lisiachwe juani, kwa kuwa hata mpingo hupasuka. Sanduku la fedha lina funguo mbili, na moja iko kwa mwanamke. Hayo yatosha.

Sasa vijana wamesimama chini ya mwembe ule, nao watangoja ishara yetu. Ngoma zitapiga mvumo mara mbili, na katika mvumo wa pili mtasikia mabomba yakiamka. Lakini kwanza, ndugu, tutawaomba mtuvumilie kadiri ya robo saa. Jua limekwisha kupanda tangu tulipopatanisha asubuhi, na hapana budi tupite tena kwa kila mtu, mmoja mmoja. Yule atakayeanza kutoa sauti, ambaye wengine wote watapatana naye, amesimama mwisho upande wa kulia, karibu na mama yake.